Filamu iliyoanza kama wasifu ikageuka ushahidi

Mtu akiniuliza aanzie wapi na filamu za makala kuhusu harakati za Weusi wa Marekani, namtajia The Murder of Fred Hampton ya mwaka 1971. Mimi ni mhariri wa filamu, na sijui filamu nyingine ambamo kazi ya kamera inabadilika ghafla namna ile.

Watengenezaji wake, Howard Alk na Mike Gray wakiwemo, walikuwa wakimfuatilia Hampton, mwenyekiti wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi kilichokuwa pia kikiwapa watoto staftahi ya bure. Kijana wa miaka 21, mwenye ulimi wa mhubiri. Sehemu ya kwanza inampa nafasi ya kuzungumza: anaita, umati unaitikia, anaita tena. Wapo wanaosema sehemu hii inajikokota. Mimi naitetea kwa nguvu zote, maana bila hiyo marehemu angebaki jina tu.

Alfajiri ya Desemba 4, 1969, polisi 14 walio chini ya mwendesha mashtaka Edward Hanrahan waliivamia nyumba yake ya Monroe Street, Chicago. Hampton aliuawa, na mwenzake Mark Clark pia. Polisi walipoondoka hawakuifunga nyumba wala kuweka ulinzi. Watu wa filamu wakaingia na kamera.

Kuanzia hapo hoja inajengwa kwa mpangilio wa picha. Hanrahan anawaambia waandishi wa habari kwamba Panther ndio walioanza kufyatua risasi. Kisha tunaoneshwa kuta zenyewe, tundu kwa tundu. Polisi wanaigiza uvamizi wao mbele ya kamera za televisheni. Kisha tunarudishwa ndani ya nyumba tulinganishe. Gazeti la Chicago Tribune lilikuwa limechapisha picha za matundu yaliyodaiwa kuwa ya risasi za Panther, kumbe vilikuwa vichwa vya misumari. Jopo la uchunguzi la serikali kuu lilikuta mwaka 1970 kwamba polisi walifyatua risasi kati ya 82 na 99, na upande wa Panther ilitoka moja tu.

Lakini filamu ile ilitoka kabla ya mengine kujulikana. Mwaka 1973 ndipo ilipofichuka kwamba William O'Neal, mkuu wa ulinzi wa chama pale Chicago, alikuwa mtoa habari wa siri wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na ndiye aliyewapa FBI ramani ya nyumba ya Hampton. Ukitaka kumsikia akijieleza kwa mdomo wake, tafuta sehemu ya pili ya Eyes on the Prize, mfululizo wa televisheni kuhusu harakati hizo wa Henry Hampton (si ndugu wa Fred), iliyorushwa 1990. Mahojiano yale yananiumiza kila mara: mtu anajibu kwa utulivu, huku akichagua maneno.

Mfululizo huo nao karibu utupotee. Picha na nyimbo zake za kumbukumbu zilikuwa zimelipiwa kwa leseni za muda. Leseni zilipoisha, katikati ya miaka ya 1990, haukuweza kurushwa tena hadi zilipopatikana fedha za kuzilipia upya, ukarudi hewani 2006. Kizazi kizima cha wanafunzi kilikosa kuiona historia hiyo kwenye televisheni kwa sababu ya ankara.