Je, wajua kwa nini mwaridi wa Unguja haupogolewi Februari?

Maelekezo mengi ya kupogoa miwaridi yanayosambaa mitandaoni husema ungoje mwisho wa baridi, Februari au Machi, ndipo ushike mkasi. Kwa bustani ya Uingereza ni sawa kabisa, maana mwaridi wa huko hulala wakati wa baridi. Wa Unguja na Pemba haulali. Unachipua mwaka mzima, na kinachoupangia kalenda ni mvua. Ukiukata Februari, machipukizi yanatoka Machi, laini kabisa, na masika nayo ndiyo hayo yanabisha hodi.

Hapo ndipo madoa meusi yanapoingia. Ugonjwa huu ni wa ukungu, na vimelea vyake huhitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa 7 hivi ili vipenye. Aprili na Mei majani hushinda na kulala yamelowa. Unaona doa jeusi lenye kingo zilizotapakaa kama wino kwenye karatasi, jani linageuka manjano, linapukutika, mti unabaki miiba mitupu.

Kwa hivyo kata yako kubwa iwe ya kipupwe, kuanzia katikati ya Juni masika yakishakatika hadi mapema Julai. Hewa imepoa, mvua ni chache, na upepo wa kusi unayakausha majani mapema. Tangu kukata hadi maua kufunguka ni kama wiki 6 hadi 8, kwa kadiri ya joto na aina ya mwaridi. Anayetaka mawaridi ya vikuba vya harusi ya katikati ya Agosti akate mwishoni mwa Juni. Januari, vuli ikishapita, unaweza kupunguza ncha tena, lakini kidogo tu, kwani jua la kaskazi huunguza matawi yaliyovuliwa majani.

Kwani kukata kunaletaje maua? Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka na kuyazuia macho ya chini, yaani vivimbe vinavyotoa machipukizi, yasichipue. Ncha ikiondoka, macho mawili matatu yaliyo chini ya mkato yanaamka. Na miwaridi inayochanua mara kwa mara huchanua kwenye chipukizi jipya. Usioguswa hurefuka tu, maua yakawa madogo, yako juu yasikofikika.

Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Tawi kavu lifuate chini hadi moyo wake uonekane mweupe. Ukiwa bado wa kahawia, shuka tena. Kisha bakisha matawi 4 hadi 6 yenye nguvu, yakae kama bakuli, katikati wazi upepo upite. Yapunguze thuluthi moja, na kamwe yasizidi nusu. Nchi za baridi hukata mpaka karibu na ardhi. Huku usithubutu: mti haukupumzika ukaweka akiba, na majani yake ndiyo yanayoulisha.

Litazame tawi kwa karibu. Juu kidogo ya kovu la jani lililoanguka pana kivimbe chekundu kama punje ya mtama. Hilo ndilo jicho. Chagua linalotazama nje, ukate milimita 5 juu yake, mkato uinamie upande wa pili. Ukikaribia mno, jicho hukauka. Ukiacha kisiki cha sentimita 2, kitakufa, ukungu uingie, na ukavu uteremke na tawi. Lakini makali ya mkasi ni muhimu kuliko mwinamo wa mkato, kwa sababu mkasi butu huponda tawi badala ya kulikata. Ufute kwa spiriti kila unapohama mti, na ukimaliza uupake mafuta ya cherehani. Hewa ya bahari haichelewi kuleta kutu.

Kama mwaridi wako ni wa kupandikizwa, chipukizi linaloota chini ya fundo, pale ulipoungwa, ni la mti mwingine. Ling'oe kwa mkono pale linapoanzia. Ukilikata kwa mkasi unaacha macho, na yatarudi matatu.

Majani yaliyoanguka yaokote yote uyachome, maana ukungu hukaa humo ukingoja mvua. Kisha weka nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mti, kiganja kimoja mbali na shina, na umwagilie chini asubuhi, si juu ya majani. Maji ya kisima chenye chumvi huunguza kingo za majani. Afadhali ya mvua yaliyokingwa.

Wanaootesha juu ya mawe, kama Makunduchi au Micheweni, wana shida nyingine: chokaa ni nyingi na mizizi haipati chuma, hivyo jani changa huwa manjano huku mishipa ikibaki chanikiwiti. Mkasi hauponyi hilo. Uhamishie mwaridi kwenye chungu kikubwa chenye tundu chini, udongo mwekundu wa mashamba sehemu mbili na mboji sehemu moja.