Ratiba ya tamasha si orodha ya wasanii

Hapa Goma, ukimwomba mwandaaji ratiba ya tamasha, mara nyingi anakupa karatasi yenye majina ya wasanii na saa zao za kupanda jukwaani. Wengi wanaamini kazi ya kupanga imeishia hapo. Hiyo ni programu ya watazamaji. Ratiba ya mafundi ni nyingine kabisa, na huanza kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Huandikwa kinyumenyume. Tuseme milango inafunguliwa saa 9 alasiri. Basi kupima sauti kuishe saa 8, spika na nyaya ziwe tayari saa 4 asubuhi, jenereta iwe imeshajaribiwa, na jukwaa lisimame tangu jana yake. Taa zielekezwe usiku wa kuamkia tamasha, maana mchana huoni mwanga unaangukia wapi, na jua letu huzama karibu saa 12 jioni, watu wakiwa wameshajaa uwanjani.

Kupima sauti ndiko kunakogombanisha watu. Kwa kawaida msanii wa mwisho hupima kwanza, na anayefungua hupima mwisho, ili vyombo vyake vibaki palepale alipoviacha. Nimemwona kijana mpiga gita akinuna, akidhani amedharauliwa. Jamani, mwelezeni mapema!

Dakika za kubadilisha bendi ziandikwe pia: ngoma zinashushwa, maikrofoni zinahamishwa, fundi anasikiliza waya mmoja mmoja. Na mbele ya kila kazi kuwe na jina la mtu, si neno "timu".