Duxford haikuwa ya Spitfire peke yake

Ukitaja uwanja wa ndege wa Duxford, ulioko mashambani kusini mwa Cambridge, wengi hukujibu papo hapo: Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na rubani Mwingereza. Ni kweli nusu tu. Mwaka 1938 Kikosi cha 19 kilipokea hapo Spitfire za kwanza za jeshi la anga la Uingereza. Lakini Julai 1940 kiliundwa hapo hapo Kikosi cha 310, cha Wachekoslovakia waliokimbia nchi yao baada ya Wajerumani kuivamia. Hao walirusha Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza.

Na kati ya ndege za Uingereza, Hurricane ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani katika mapambano ya mwaka ule kwenye anga ya Uingereza. Itazame kwa karibu: mgongo wake wa nyuma ni mabomba ya chuma na mbao, juu yake kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Risasi ikipenya kitambaani, fundi alibandika kiraka, akapaka dawa, ndege ikarudi kazini. Bati la Spitfire lilihitaji kazi kubwa zaidi.

Inaniuma Wachekoslovakia wale wanapoachwa nje ya simulizi. Waliruka kutoka uwanja wa nyasi kulinda anga ya nchi isiyo yao.