Protini ya p53 ya maabara: mstari safi kwenye jeli hautoshi

Watafiti wengi wanaonunua protini ya p53 huipitisha kwanza kwenye jeli ya SDS (sabuni inayokunjua protini ili zitenganishwe kwa ukubwa), na wakiona mstari mmoja safi huridhika. Jeli hiyo haiwezi kuonyesha kama protini bado imejikunja sawasawa, na p53 iliyokunjuka haishiki DNA. Ipime kwa kazi yake kabla ya kuiamini.

Kazi yenyewe ni kuongoza unukuzi: p53 hushika DNA mahali maalumu na kuwasha jeni kama p21, ili seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Takribani nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni yake, TP53. Hitilafu moja inatugusa sisi walaji wa mahindi na karanga: R249S, inayohusishwa na sumukuvu katika saratani ya ini.

Ya maabara hupatikana kwa kupandikiza jeni ya binadamu kwenye bakteria wa E. coli au seli za wadudu. Bakteria ni nafuu, lakini hawaiwekei fosfeti na asetili kama seli zetu zinavyofanya. Kama swali lako linahusu alama hizo, ya bakteria haikufai.

Protini nzima ina asidi amino 393 na uzito wa kilodaltoni 43.7 hivi, ila kwenye jeli husimama karibu na 53, kwa kuwa sehemu yenye prolini nyingi huichelewesha. Usiirudishe kwa muuzaji kwa sababu hiyo. Kumbuka pia kwamba hushika DNA zikiwa molekuli nne pamoja. Mrija wenye miligramu 0.5 kwa mililita una mikromola 11.4 za molekuli mojamoja, lakini 2.9 tu za nne-nne. Andika daftarini umetumia hesabu ipi, la sivyo matokeo yako na ya mwenzako yatapishana mara nne.

Ikifika kwenye barafu kavu, iweke kwenye nyuzi -80 papo hapo. Siku ya kuifungua, iyeyushe juu ya barafu, izungushe sekunde chache kwenye sentrifuji ili matone ya kifunikoni yashuke, kisha igawe mikrolita 5 hadi 10 kwenye mirija isiyonasa protini na uigandishe haraka kwa nitrojeni ya kimiminika. Kila mrija uyeyushwe mara moja tu. Kinachobaki kitupwe, hata kama bei yake inauma. Usiitikise kwa nguvu, maana povu huikunjua.

Ukali huu una sababu. Sehemu inayoshika DNA imefungwa na atomi moja ya zinki, katikati ya sisteini tatu na histidini moja. EDTA, kemikali inayonasa metali, huing'oa zinki hiyo, na oksijeni huziharibu sisteini. Joto nalo ni adui: kwenye nyuzi 37 sehemu hiyo huanza kukunjuka ndani ya dakika chache. Kwa hiyo fanya kazi juu ya barafu, kwenye bafa ya HEPES milimola 20 (pH 7.5), KCl milimola 50 hadi 100, gliserini asilimia 10, BSA (protini ya damu ya ng'ombe) miligramu 0.1 kwa mililita na DTT (kinga ya sisteini dhidi ya oksijeni) milimola 1 iliyochanganywa siku hiyohiyo.

Kwa kipimo, chukua DNA yenye alama nanomola 5, yenye nusu mbili za mfuatano RRRCWWGYYY (R ni A au G, W ni A au T, Y ni C au T), na protini kuanzia nanomola 10 hadi 200. Subiri dakika 20 hadi 30, kisha endesha jeli ya akrilamidi ya asilimia 4 hadi 5 isiyo na SDS, kwenye chumba cha nyuzi 4. DNA ileile isiyo na alama, ikiongezwa mara 50 hadi 100, inapaswa kuufuta mstari uliopanda, yaani ule wa DNA iliyoshikwa na p53, inayosafiri polepole zaidi. Iliyobadilishwa herufi C na G za katikati isiufute. p53 yenye hitilafu ya R175H isishike kabisa.

DNA ikikwama mdomoni mwa jeli, protini imegandamana: izungushe dakika 10 kwa g 15,000 kwenye nyuzi 4, kisha pima upya kiasi kilichobaki. Mstari ukiburuzika, punguza volti. Usipoona chochote hata kwenye nanomola 200, kabla ya kuilaumu protini angalia DNA yako iliyeyushwa kwenye nini. Mara nyingi ni TE, bafa ya kawaida ya kuhifadhia DNA, na TE ina EDTA.