Bakteria sugu wodini wanapita wapi?

Mgonjwa wa kitanda cha jirani ana bakteria wasiosikia dawa. Sijamgusa. Wananifikiaje?

Mara nyingi kwa mikono ya anayekuhudumia. Muuguzi anarekebisha dripu ya jirani, anashika chuma cha kitanda, kisha anakuja kukupima presha. Hajagusa damu wala usaha, na glavu amevaa. Hizo glavu ndizo zinazowadanganya wengi: zikitoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine, zinabeba bakteria kama ngozi tu. Kila mgonjwa na glavu zake, na mikono isafishwe hata baada ya kuzivua. Ignaz Semmelweis aliwahimiza madaktari wenzake kunawa huko Vienna mwaka 1847, wengi wakampuuza. Mpaka leo tunakumbushana.

Vifaa navyo vinasafirisha: mkanda wa presha, stetoskopu, hata simu yako. Acinetobacter, mmoja wa bakteria sugu wa hospitalini, anaweza kuishi wiki kadhaa juu ya kitu kikavu.

Kitakasa mikono kinatosha?

Kwa bakteria wengi, ndiyo. Sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, usisahau vidole gumba na ncha za vidole. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anaharishwa na Clostridioides difficile, nawa kwa sabuni na maji. Spora za bakteria huyo, yaani hali yake ya kujificha ndani ya ganda gumu, haziuawi na spiriti ya kitakasa.

Mbona wamemtenga mtu anayeonekana mzima?

Kwa sababu kubeba si kuugua. MRSA, bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi, anaweza kukaa puani mwa mtu bila kumsumbua, kisha akaingia kwenye kidonda cha mwingine aliyetoka kupasuliwa. Kwa kawaida ndugu wanaruhusiwa kumwona, mradi wasafishe mikono wakiingia na wakitoka.

Mimi mgonjwa nifanye nini?

Uliza kila siku: "Huu mpira wa mkojo bado nauhitaji?" Mpira na kanula (kile kimrija cha dripu kwenye mshipa) ni milango ya bakteria, na kadiri vinavyokaa ndivyo hatari inavyoongezeka. Kumwomba daktari asafishe mikono si utovu wa adabu.

Na usishtuke ukibadilishiwa antibiotiki katikati ya matibabu. Sampuli ya damu au mkojo huchukua siku kadhaa kuoteshwa maabara. Kabla ya majibu, daktari huanza na dawa inayopiga bakteria wa aina nyingi. Yakitoka, anahamia ile inayomlenga aliyeonekana, au anaisimamisha kabisa.