Shule ya Monroe, Topeka: Jengo Imara Lililoingia Katika Kesi ya Ubaguzi

Zinapotajwa shule zilizotengwa kwa rangi nchini Marekani, wengi wetu huwaza banda lenye paa linalovuja na vitabu vilivyochakaa. Ndivyo hali ilivyokuwa katika sehemu nyingi za majimbo ya kusini, lakini Shule ya Msingi ya Monroe, katika mji wa Topeka jimboni Kansas, haikuwa hivyo. Jengo lake la ghorofa moja juu, lililojengwa mwaka 1926, ni la matofali ya kuchoma yaliyopambwa kwa mawe ya chokaa, na lilichorwa na Thomas Williamson, msanifu yuleyule aliyechora shule za watoto wa Kizungu mjini humo. Kwa maoni yangu, ubora huo ndio unaolipatia jengo hili uzito wake katika historia ya sheria, yaani katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, iliyopinga utengaji huo.

Sheria ya Kansas ya mwaka 1879 iliiruhusu miji mikubwa kutenga shule za msingi kwa rangi, ingawa haikuilazimisha. Topeka ilichagua kutenga. Kufikia mwaka 1950 ilikuwa na shule 18 za Wazungu na nne tu za Weusi: Monroe, Buchanan, McKinley na Washington. Kwa kuwa shule nne zilipaswa kuhudumia watoto Weusi wa mji mzima, bodi ya shule iliwapa mabasi, jambo ambalo watoto wa Kizungu hawakufanyiwa, na ambalo bodi ililitumia baadaye kama hoja ya kujitetea.

Linda Brown, mwanafunzi wa Monroe, alilijua basi hilo vizuri. Ili kulipata ilimbidi apite kando ya njia za reli, ilhali Shule ya Sumner, ya Wazungu, ilikuwa umbali wa mitaa saba tu kutoka kwao. Mwaka 1950 baba yake, Oliver Brown, mchomeleaji vyuma katika shirika la reli na mchungaji msaidizi, alimpeleka Sumner kumwandikisha, akakataliwa. Wazazi wengine walifanya vivyo hivyo kwa mpango wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, na Februari 1951 wazazi 13 wakafungua kesi dhidi ya bodi ya shule.

Mahakama ya kwanza ilikagua majengo, masomo na sifa za walimu, ikaona kwamba shule za pande zote mbili zilikaribia kulingana, na kwa sababu hiyo bodi ikashinda. Hata hivyo, majaji hao hao waliandika kwamba kutengwa kwenyewe kunamdhuru mtoto Mweusi, kwa kuwa huona kutengwa huko kuwa ishara ya unyonge wake. Kesi ilikatiwa rufaa, na kauli hiyo ikanukuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954, pale majaji wote tisa, wakiongozwa na Earl Warren, walipoamua kwamba kutenga shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kama Monroe ingekuwa gofu, ingekuwa rahisi kuamuru likarabatiwe na kuiacha sheria ilivyo.

Kuna upande wa habari hii usiosimuliwa sana. Mwaka 1953, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, msimamizi wa shule za Topeka aliwaandikia baadhi ya walimu Weusi kwamba mikataba yao haitahuishwa, kwa kudhani kuwa wakazi wengi hawatataka watoto wa Kizungu wafundishwe na mwalimu Mweusi. Walimu ambao mahakama ilikuwa imezikubali sifa zao ndio waliotangulia kulipia mabadiliko hayo. Linda naye, hukumu ilipotoka, alikwisha kuvuka shule ya msingi.

Monroe ilifungwa mwaka 1975 kwa uhaba wa wanafunzi, likabaki jengo la kuuzwa na kununuliwa hadi wakazi na jamaa za waliofungua kesi walipoanza kulipigania. Serikali ya Marekani ililitangaza kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, na milango ikafunguliwa kwa umma tarehe 17 Mei 2004. Mwaka 2022 hifadhi hiyo ilipanuliwa ikajumuisha shule mbili za Summerton, South Carolina, iliyokuwa ya Weusi na iliyokuwa ya Wazungu, katika wilaya iliyotoa kesi mojawapo kati ya zile zilizoamuliwa pamoja na ya Topeka, na ambako wazazi Weusi walianza kwa kuomba basi moja tu, wakanyimwa.