"Barua pepe zangu ziko mtandaoni, futa tu"

Nimeisikia tena wiki hii. Mteja ananikabidhi kompyuta niweke Windows 11, namuuliza kama amehifadhi nakala ya barua pepe zake, ananijibu kwamba ziko mtandaoni, nifute kila kitu. Nakataa kufuta mpaka tuhakikishe, hata akinuna.

Kuwa mtandaoni au kutokuwa kunategemea jinsi akaunti ilivyounganishwa na programu. Njia za kuunganisha ni mbili, IMAP na POP3. Kwa IMAP, barua hukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma. Mfumo mpya ukishawekwa, unaingia kwenye akaunti na zinarudi zote. Kwa POP3, programu huzishusha kwenye kompyuta, na mara nyingi huzifuta kwenye seva papo hapo au baada ya siku kadhaa. Hapo barua zako za miaka 10 zimo ndani ya faili moja la .pst, faili la programu ya Outlook, kwenye diski ninayoambiwa niifomati. Na hata wewe wa IMAP, yale makabrasha uliyoyaunda ndani ya kompyuta ili kupunguza mzigo wa seva hayako mtandaoni.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika 2. Fungua mipangilio ya akaunti uangalie namba ya mlango (port) ya seva ya kupokea: kwa kawaida 993 ni IMAP, 995 ni POP3. Kisha ingia kwenye akaunti kwa kivinjari cha kifaa kingine, utafute barua ya miaka 3 iliyopita. Usipoiona, iko kwenye diski yako tu. Funga Outlook, nakili .pst kwenye diski ya nje. Mimi huinakili hata kwa wenye IMAP, bila kubishana.

Kuna na madai mengine ninayoyasikia. "Nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa, Windows imeharibu akaunti." Haijaharibu. Google na Microsoft wameacha kupokea nenosiri la kawaida kutoka kwa programu za zamani. Microsoft waliifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com Septemba 2024. Weka programu mpya, acha kulirudiarudia nenosiri lilelile.

"Windows 11 haiendeshi programu za biti 32." Inaziendesha. Isizoziendesha ni za biti 16. Walioacha biti 32 ni Apple, kwenye macOS Catalina ya 2019.

"Nisipoipenda nitarudi Windows 10 wakati wowote." Kama Windows 11 imewekwa juu ya Windows 10 bila kufomati diski, una siku 10, baada ya hapo kabrasha la Windows.old, linalotunza mfumo wa zamani, hufutwa. Kwa hiyo ijaribu ile programu yako ya zamani siku ileile ya kwanza.